Pambizo za Profesa

Kilichoanza ni mwiko. Mke wa Wembe aliuchomoa kwenye ndoo ya vyombo asubuhi akaukuta hauna ncha, umekatwa mraba kama kona ya meza.

"Nani kakata mwiko wangu?"

"Panya," Wembe akajibu, chai mdomoni.

"Panya gani anakata kwa rula?"

Wembe akacheka. Nawe cheka sasa hivi, maana huko mbele sikuahidi nafasi.

Huyu Wembe ni fundi wa kujalidi vitabu, na jina hilo alijipa mwenyewe, hakuna aliyemwomba. Kukata anajua, tusimnyime haki yake. Lakini sifa! Sifa zake zilitangulia kuingia mlangoni, yeye akafuata. "Mimi nikikata," husema, "hata kivuli cha kitabu kinanyooka."

Maktaba anakofanya kazi ilikuwa imepokea vitabu vya marehemu profesa mmoja, chumba kizima cha Asia: wafalme wa Uhindi, hariri ya Uchina, mahekalu ya Japani, wapanda farasi wa nyikani, vyungu vya kaure. Vitabu vizito, kimoja kikikudondokea mguuni unaomba likizo. Zikaletwa rafu mpya za chuma, na aliyechukua vipimo alipima majarida, hakupima vitabu. Vikagoma kuingia. Vimezidi kidole kimoja kwa juu.

"Tuvilaze tu," akasema mkuu wa maktaba, mama wa miwani nene.

"Wanaolazwa ni wagonjwa, bosi. Niachie mimi."

Akavipeleka kwenye mashine ya kukatia, krrap, krrap, akavipunguza vyote vichwa. Na aliona, macho anayo: juu ya kila ukurasa, kwenye pambizo, palikuwa na mwandiko mdogo wa penseli, umesongamana kama siafu. Akajisemea, mzee huyu naye, kuchafua tu vitabu vya watu. Vipande akavichoma nyuma ya karakana. Vitabu vikasimama rafuni kama askari wa gwaride, na Wembe akapigiwa makofi.

Baada ya mwiko ikaja zamu ya picha ya harusi. Fremu nzima, kioo kizima, ila ndani yake bwana na bibi harusi wamekatwa juu ya nyusi. Yakafuata maua ya kopo barazani. Akafuata mwanasesere wa binti yao, na hapo Wembe hakutaja tena panya. Kila mara kabla ya kitu kukatwa ilikuja harufu ya penseli iliyochongwa muda huo huo, mchana kweupe, na kikohozi kidogo, kile cha mwalimu anayesubiri darasa linyamaze.

Kisha binti akatoka chumbani nywele za utosini zimekatwa bapa, ungeweza kuweka kikombe kisimwagike.

"Nani kakunyoa, mwanangu?" Wembe akanong'ona.

"Babu wa penseli. Kanisimamisha ukutani, kanipima na rula."

"Kasemaje?"

"Kasema bado nimezidi kidole kimoja."

Wembe, yule yule wa kunyoosha vivuli, alimshika mtoto kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayezuia chungu kisipasuke, na chini ya viganja vyake akasikia mshipa wa utosini ukidunda, na mbele ya pua zake ile harufu ya penseli ikasogea, ikasogea tena, mpaka akahisi kuna mtu ameinama begani kwake anatazama kazi.

Wakamwita mganga wa majini. Akafukiza nyumba nzima, akakemea, akauliza mgeni anataka nini. Ukutani kikajibu kikohozi. Mganga akashika kofia yake. Mkononi ikabaki pete tupu ya kitambaa, juu hakuna kitu.

"Sikilizeni," akasema, huku anakusanya vifaa. "Jini unaongea naye mnaelewana. Huyu ni msomi. Msomi haondoki mpaka amalize hoja yake."

Wembe akakimbia kwa mjane wa profesa.

"Shikamoo, mama. Ile penseli ya juu ya kurasa, niliyoikata... ilikuwa nini?"

"Marahaba. Vitabu ni vya wengine, mwanangu. Pale juu alikuwa anaandika cha kwake. Alibishana nao ukurasa kwa ukurasa, maisha yake yote. Vipande viko wapi?"

"Nimevichoma."

Mama akafumba macho. "Basi pole. Mume wangu hakuwahi kumsamehe hata aliyekunja pembe ya ukurasa."

Alipofika nyumbani alimkuta mke wake amepiga magoti sakafuni, sauti imemkauka, na binti amesimama ukutani wima, macho wazi, hapepesi, na kwenye paji la uso, taratibu, bila mkono wala mtu, mstari wa penseli ulikuwa ukichorwa kutoka sikio hadi sikio, umenyooka kuliko mstari wowote ambao Wembe amewahi kukata maishani mwake.

Akajitupa kati ya mtoto na chumba.

"Profesa! Mtoto hakugusa mashine. Mkono uliokata ni huu. Karatasi zako sina, mzee wangu, nimeziteketeza, lakini ngozi ninayo. Niandike mimi. Niandike mimi!"

Binti akapepesa, akaanza kulia, mstari ukafutika. Na Wembe akasikia kitu chembamba, kikali, kikimkwaruza unyayoni.

Hakuweza kwenda kazini tena. Mwandiko ulipanda vifundoni, magotini, ukazunguka kiuno, ukajaza mgongo, na hakuna sabuni iliyoutoa. Ulipofika kidevuni wakamleta mjane. Akavaa miwani, akaanzia miguuni, akasoma pole pole huku akimgeuza Wembe dirishani kama anakagua kitambaa. Hariri. Mahekalu. Farasi. Machozi yakamtoka.

"Ni yeye. Ni mwandiko wake."

"Nafasi imebaki ya paji la uso tu," Wembe akasema. "Anakaribia kumaliza, si ndiyo, mama?"

Mjane akavua miwani.

"Mwanangu," akasema, "huu ni utangulizi."

Wembe alikwenda kitandani alikolala binti yake, akavuta shuka, akaifunika miguu yake midogo, akalikunjia shuka chini ya nyayo, akakalia pindo lake, penseli isipate pa kuanzia.