Waya ya Kaloba

Hii mambo ilifikia rafiki yangu Jessé, fundi wa telefoni ku gare ya treni ya Kamina, mu 1999, wakati vita ilikuwa inakaribia.

Kila mara alipopiga Bukama, telefoni ilienda Kaloba. Na Kaloba, kagare kadogo ka njia ingine, ya kaskazini, ilikuwa imeungua mwaka uliopita. Bantu bote balikufa kule, na reli iling'olewa. Lakini telefoni ilipokelewa. Hakuna aliyesema, ila alisikia bantu bengi bakipumua, na viti bikisukumwa.

Siku moja muke wake, Éliane, alikuwa Bukama, mu treni ya kurudi Kamina. Shefu wa gare akaingia mbio.

"Jessé, ambia Bukama bazuie treni! Basoda ba adui bamekata reli!"

Alipiga. Kaloba. Alirudia. Kaloba. Mvua ilikuwa inanguruma ku mabati. Umeme ikakatika, na chumba ya telefoni, yenye haina dirisha, ikawa giza tupu. Akapapasa, akakata waya ya Kaloba, akaing'oa yote ku mashine.

"Sasa telefoni itapita Bukama, shefu."

Alipiga tena. Kimya.

"Saa ya treni kutoka Bukama imeisha kupita," shefu alisema pole pole, akatoka.

Jessé alibaki mu giza na waya mu mukono, yenye haikushikana na kitu. Ikaanza kuvuma. Akaiweka ku sikio. Ilikuwa sauti ya Éliane, bila woga.

"Jessé, tumeisha kufika Kaloba. Bantu bamejaa, na huku iko giza. Weye utakuja na treni gani?"