Kichupa cha Khatibu na Kiu ya Mwajabu

Kila mgeni aliyeingia nyumbani kwa Khatibu, mjini Kasulu, alipewa vitu vitatu: kiti, chai, na jiwe. Kiti na chai ni desturi ya watu wote. Jiwe lilikuwa la Khatibu peke yake. Lilimtoka kwenye figo miaka miwili iliyopita, akiwa hospitalini Kibondo, dogo kama punje ya mtama. Alilitunza ndani ya kichupa juu ya kabati, mahali ambapo wenzake huweka picha ya harusi.

"Haya ni maradhi ya wanaume," aliwaambia wageni, kwa sauti ya mtu aliyerudi vitani. "Mwanamke hawezi kuyabeba."

Mkewe, Mwajabu, aliwamiminia chai. Alikuwa na maradhi yake. Huu ulikuwa mwaka wa nne wa kisukari, na alikuwa na duka la vitenge sokoni. Kisukari kilimtuma chooni kila mara. Choo kilikuwa mwisho wa soko, na mteja hangoji. Basi Mwajabu akabuni dawa yake mwenyewe: aliacha kunywa maji. Asubuhi kikombe cha chai, jioni glasi moja, imetosha. Safari za chooni zikapungua. Mkojo ukawa wa rangi nzito, naye akajiona mjanja kuliko daktari.

Jumanne moja, akimkunjulia mteja kitenge, maumivu yalimkamata ubavuni, nyuma, chini ya mbavu. Yakashuka hadi kinenani. Kitenge kikaanguka. Mwajabu akafunga duka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya mvua ya mawe.

"Ni mchango wa tumbo tu, Mama Lukmani," alisema Khatibu nyumbani. "Nakuchemshia mzizi."

"Wewe jiwe lilipokushika, ulilia hivi?"

"Nililia zaidi. Lakini langu lilikuwa jiwe."

"Na langu ni nini?"

"Mchango. Mawe ni ya wanaume, nimekwambia."

Mwajabu alimwamini nusu nusu. Katika nyumba ile, Khatibu ndiye pekee aliyekuwa na ushahidi ndani ya kichupa. Akanywa mzizi, akatapika. Jioni akaanza kutetemeka kwa homa.

Jirani yao Josepha, muuguzi, alimsikia Mwajabu akigumia, akaja. Akamshika paji la uso.

"Maji unakunywa kiasi gani kwa siku?"

Mwajabu akautazama mkeka. "Glasi moja. Siku ya baraka, mbili."

"Kisukari changu kinanipeleka chooni mno," aliongeza. "Nikaona nikizuie."

"Dada yangu, si maji yanayokupeleka. Sukari ikipanda, mwili huitoa kwa mkojo, na maji huifuata. Ukijinyima maji, sukari haishuki. Unakauka tu, na mkojo mzito huganda kuwa mawe."

Khatibu akakohoa. "Mawe? Kwa mwanamke?"

"Baba Lukmani, nusu ya maneno yako ni kweli. Mawe ya figo huwapata wanaume zaidi. Lakini kisukari huongeza hatari kwa wote. Tena tafiti kadhaa zimeona kwamba ongezeko hilo ni kubwa zaidi kwa wanawake. Ile nafuu ya wanawake ya kutopata mawe sana inapungua."

"Kwa nini?"

"Sababu zote hazijajulikana. Kisukari kinaweza kuufanya mkojo uwe na asidi nyingi, na asidi husaidia aina fulani ya mawe. Lakini maswali baadaye. Maumivu ya ubavu pamoja na homa, kwa mwenye kisukari, ni hospitali sasa hivi. Tukingoja kesho, tunaweza kuipoteza figo."

Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, Khatibu aliuacha mzizi wake jikoni. Alitoka mbio kutafuta bajaji, kiatu kimoja mguuni.

Hospitalini, kipimo cha picha kilionyesha jiwe dogo njiani kutoka kwenye figo. Lilikuwa halijaziba njia. Mkojo ulikuwa na maambukizi. Mwajabu akatundikiwa dawa, sukari ikashushwa, akaambiwa achuje mkojo kwa kitambaa safi ili kulinasa jiwe. Siku ya nne jiwe likatoka. Lilikuwa kubwa kuliko la Khatibu. Muuguzi wa wodi alilipeleka maabara ili ijulikane ni la aina gani.

Mwajabu alirudi nyumbani na maagizo. Anywe maji mpaka mkojo uwe wa rangi hafifu. Apunguze chumvi. Ameze dawa za kisukari kila siku, asikose kliniki. "Mwenye ugonjwa wa moyo au figo dhaifu amuulize kwanza daktari kiasi cha maji," Josepha alikumbusha.

Miezi mitatu ikapita. Sukari ilishuka, na safari za chooni zikawa za kawaida. Mwajabu alikunywa maji mbele ya wateja, bila haya. Alipohitaji kutoka, Khatibu aliketi kwenye kiti chake dukani.

Siku moja, mteja kutoka kijiji cha Kagerankanda aitwaye Vestina alimkuta hapo.

"Mama mwenye duka yuko wapi?"

"Ametoka kidogo," alisema Khatibu. "Una kisukari, dada?"

"Mama yangu anacho."

"Anakunywa maji?"

"Kidogo. Anasema choo ni mbali."

Khatibu akamvutia kiti, akamtilia maji, akaanza kusimulia habari za jiwe. Safari hii lilikuwa la mkewe.