Vipimo vya Koti

Yaliyomkuta rafiki yangu, Mungu amtie nguvu, ni haya. Yeye na mumewe walikuwa mwaka wa tatu ugenini, na fundi cherehani wa chini ya ngazi alishakuwa ndugu yao. Asubuhi moja alishuka kuchukua koti la mumewe, aliyevuka ziwa juzi na simu yake haipatikani. Umeme ulikuwa umekatika. Gizani cherehani ililia, ikanyamaza.

“Umechelewa, shemeji. Mumeo katoka sasa hivi, nimempima upya.”

“Acha utani wako. Hajarudi.”

“Basi akirudi mwambie asimame kama watu. Leo kapanda mezani akalala, nikampima hivyo hivyo.”

Rafiki yangu alinyoosha mkono, akaipapasa meza. Ilikuwa imelowa, urefu wa mtu mzima.