Gauni la Jumuiya na Chupa ya Petroli

Ijumaa ile, ndugu zangu, nyumba ya Damiano kule Rhotia ilikuwa na raha yake. Marsela, mkewe, alikuwa ameinjika makande, na binti yao Natalia alikuwa akifanya mazoezi ya nyimbo za Komunyo ya kwanza huku akikosea maneno bila aibu. Ukutani, kwenye msumari, lilining'inia gauni jeupe la kuvaa Jumapili, siku ya Komunyo yenyewe.

Gauni hilo halikuwa la Natalia. Lilikuwa la jumuiya nzima ya kanisa. Wasichana saba walikuwa wamekwisha kulivaa, na kila mama alilipunguza au kulitanua kidogo kiunoni, akalifua, akampa mwenzake. Mwaka ule wa themanini na tatu kitambaa cheupe hakikuonekana dukani, na sabuni ndiyo usiseme. Bernadina, ambaye binti yake alilivaa mwaka uliotangulia, alilikabidhi kwa Marsela kwa mikono miwili.

"Mwakani ni zamu ya mtoto wa Cresensia," alimkumbusha. "Lirudi hivihivi, mama Natalia."

Damiano alikuwa fundi wa matrekta kwenye shamba moja la kahawa. Fundi hodari, hilo simnyimi. Lakini akishavuka kizingiti cha nyumba yake aligeuka mgeni wa heshima: maji yaje, chakula kije, na asiulizwe kitu. Marsela alikuwa amechoka kumwomba anawe nje kwanza. Jioni ile aliingia na ovaroli lake kama kawaida, akaliona gauni, moyo ukamlainika, akalitungua.

"Mwanangu atapendeza huyu," alisema, akilishika kiunoni kwa mkono mzima.

Alipoliachia, alama za vidole vitano vya grisi zilibaki pale.

"Baba Natalia! Ona ulichofanya!"

"Si doa tu? Utafua."

Afue kwa sabuni gani, jamani? Jumamosi asubuhi Marsela alianza na unga wa mahindi, ambao alisikia hunyonya mafuta. Ulinyonya kidogo, ukaacha rangi ya chai. Jirani yake Paskalina akamshauri apake samli ilainishe grisi, kisha aoshe kwa magadi na maji ya moto. Samli ililainisha kweli, tena vizuri mno: doa la vidole likatanuka likawa la kiganja kizima, na sabuni ya kumalizia kazi haikuwapo hata kipande. Alisugua mpaka akaogopa uzi utaachia. Mwishowe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia. Saa kumi jioni katekista angekagua nguo za watoto kanisani, na asiye na nguo nyeupe angesubiri hadi mwakani.

Saa saba Damiano alirudi kutoka kazini na chupa mkononi.

"Petroli," alisema. "Gereji grisi tunaitoa kwa hii. Dakika moja tu."

"Naitumiaje?"

"Unasugua, basi. Mambo ya kufua si mnayajua wenyewe?"

Akaiweka chupa chini, akaenda zake kwenye pombe, kwa sababu Jumamosi ni Jumamosi. Laiti ningekuwapo, ningemvuta shati arudi.

Petroli ilifanya kazi. Doa lilififia, likahamia kwenye kitambaa cha kusugulia, likaisha. Marsela alicheka peke yake kwa furaha. Lakini ilikuwa Julai, ukungu umelala juu ya mashamba, na gauni lilikuwa bado bichi, likinuka kama lori. Saa tisa ilikwisha kupita. Mafuta ya taa aliyajua na kuyaheshimu, lakini petroli hakuwahi kuishika maishani mwake. Alijua tu kwamba ni kitu cha magari. Akatia makaa kwenye pasi, akamwambia Natalia ashike pindo lisiguse chini.

Pasi haikuwahi hata kufika kwenye kitambaa. Moto haukuanza kidogo kidogo kama wa kuni. Ulikuja wote kwa mara moja. Marsela alimsukuma mtoto kwa bega hadi nje, naye angeweza kumfuata. Mlango ulikuwa wazi. Badala yake aligeuka, akaanza kulipiga gauni kwa mikono yake mitupu.

"Gauni la watu!" alikuwa akilia. "Gauni la watu!"

Paskalina alipomvuta nje, palibaki kola na vifungo viwili.

Kwenye hospitali ya misheni, Sista alimfunga bendeji hadi viwikoni. Damiano aliletwa kutoka kwenye pombe, akasimama kando ya kitanda, kofia mkononi.

"Petroli na pasi ya mkaa!" Sista aling'aka. "Hakuna aliyemwambia mama huyu?"

Marsela akamgeukia mumewe.

"Kule gereji mnaruhusu moto?"

"Hapana. Hata sigara haturuhusu. Juzi nilimfokea kibarua aliyewasha kiberiti karibu na debe."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Kibarua ulimwambia, baba Natalia. Mimi je?"



Jumapili kengele ilipolia, Natalia alikuwa amekaa hospitalini, miguuni pa mama yake, akiwa na sare ya shule. Wanawake wa jumuiya walikuja na mayai na maziwa, Cresensia akiwa wa kwanza, na hakuna aliyelitaja gauni. Ukimya huo ulimuuma Marsela kuliko vidonda. Vidole vyake vilipona vikiwa vimeshikana. Hakuweza tena kushika jembe wala kukamua ng'ombe, na kila asubuhi ilibidi binti yake amfunge kanga.

FUNZO

Petroli si ya kufulia, wala si ya kukaa nyumbani. Grisi huzuiwa mlangoni: nawa mikono, vua nguo za kazi, ndipo uwashike watu wako. Nawe mwanaume unayefanya kazi na vitu vya hatari, onyo unalompa kibarua usiyemjua hata jina, mpe na mke wako. Kumnyima ni kumtelekeza ukiwa naye nyumba moja. Nanyi kina mama, nawaomba sana: nguo ikishika moto, tokeni nje, iacheni iungue. Hata kama ni ya kuazima.