Miwani ya Fundi Saa

Pochi ilimponyoka mwanamke mwenye gauni la zambarau mlangoni mwa kituo cha mabasi, wakati ambao kila mtu anamsukuma mwenzake. Kijana mmoja, shati limepigwa pasi likanyooka, aliiokota, akanyoosha mkono kumpa, akaiachia hewani kabla haijafika kiganjani. Ikaanguka tena.

"Kaka, unanitania?"

"Hapana, dada. Nilidhani nimekufikia."

Mwingine angecheka akaenda zake, lakini mwanamke huyu alikuwa mpima macho. Alimtazama usoni, akaona jicho la kushoto linachelewa kidogo kumfuata mwenzake, akamwambia aje kliniki kesho. Alijiambia ni kwa ajili ya jicho tu. Uongo mtupu, maana kesho yake alivaa hereni ambazo hajawahi kuzivaa kazini.

Kijana alikuwa fundi saa. Jicho la kulia ndilo lililomlisha, kutwa limeinamia vigurudumu vidogo vya saa kibandani kwake. La kushoto lilikuwa dhaifu mno, na mwenyewe hakujua. Mpima macho akampa lenzi ya nguvu yote iliyotakiwa, bila kumpunguzia hata chembe. Alitaka kumpa dunia nzima kwa mara moja.

"Kumbe una kidoti shavuni, Daktari," Fundi alisema alipoivaa miwani. Hapo wote wawili wakasahau kazi.

Mapenzi yakanoga, simu asubuhi, simu mchana. Kisha yakaja mambo ya kutia shaka. Zaidi ya mara moja mpima macho alimwona Fundi kwa mbali akiitoa miwani mfukoni na kuivaa harakaharaka kabla ya kumfikia. Wakialikwa kwenye mgahawa wa ghorofani, Fundi alizua udhuru. Akishuka ngazi alipapasa ukuta, macho yake yakikwepa uso wa mpenzi wake. Akiulizwa miwani ikoje, jibu lilikuwa lile lile: iko sawa, mpenzi.

Dada mkubwa wa mpima macho, ambaye hamwamini mwanamume yeyote isipokuwa baba yao, naye kwa wasiwasi, hakukawia kutia chumvi. "Anaivaa kwa ajili yako, anaivua kwa ajili ya nani? Mdogo wangu, huyo ana lake jambo."

Neno likamkaa rohoni. Akaanza kunusa kola za mashati ya Fundi, akasikiliza sauti za nyuma kila alipopiga simu, na akajichukia kwa kufanya hivyo.

Mchana mmoja alikuwa akipita mbele ya duka kubwa la miwani mjini. Nyuma ya kioo, Fundi amekaa kitini. Mwanamke mwenye koti jeupe lililombana na kucha nyekundu amemshika kidevu, nyuso zao karibu karibu. Mpima macho akapiga simu palepale, huku anamtazama.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Kibandani," Fundi alijibu kule ndani. "Kuna saa ya mteja imenishinda. Nitakupigia."

Mpima macho mwenyewe hushika videvu vya watu kutwa nzima. Lakini kama ni kazi tu, mbona adanganye? Akausukuma mlango.

"Siku hizi saa za wateja zina kucha nyekundu?"

Fundi aliinuka akajigonga kwenye meza. Mwanamke wa koti jeupe hakushtuka. Alipojua anazungumza na nani, aliichukua ile miwani, akasema kwa upole kwamba vipimo havina kosa.

"Ila macho yake yamepishana nguvu mno, dada. Kila jicho linampa picha ya ukubwa wake, hawezi kuziunganisha. Ulimtembeza?"

Kliniki kwa mpima macho, mgonjwa wa macho yaliyopishana haondoki kabla ya kuvalishwa fremu ya majaribio, akatembezwa ukumbini na kupandishwa ngazi. Sheria hiyo aliiweka yeye. Huyu peke yake hakumtembeza, maana alikuwa anasifiwa kidoti.

"Sakafu inainama," Fundi alisema. "Ngazi naziona mbili mbili. Nilitaka waipunguze nguvu kimyakimya, kwenye fremu ile ile. Niliogopa utaona nimekukataa wewe."

"Umenidanganya nikiwa nakutazama. Hilo ndilo linaloniuma, si miwani."

Mpima macho akamchukua Fundi hadi kliniki. Akapunguza lenzi, akamvalisha ile fremu nzito ya majaribio iliyomfanya afanane na mchomea vyuma, akamsimamisha juu ya ngazi.

"Shuka. Inakuwaje?"

"Iko sa..." Fundi alisita. "Bado. Ngazi ya mwisho inaruka."

Mpima macho akabadilisha lenzi. Fundi akapanda, akashuka. Bado. Mpima macho akabadilisha tena. Kila "bado" ilimwingia mpima macho kuliko "mpenzi" zote alizowahi kuitwa. Mwishowe Fundi alishuka bila kugusa ukuta. Mpima macho akampa pochi yake, akarudi nyuma, akakinga kiganja.

"Nipe."

Pochi ikatua katikati ya kiganja.

"Kichwa kinavuta kidogo nikigeuka kulia," Fundi aliongeza, bila kuulizwa.

Mpima macho akacheka, machozi yakimlengalenga.

"Jumapili nakupeleka kwa mama. Anakaa ghorofa ya nne na lifti ni mbovu. Ukijikwaa, useme umejikwaa."

"Hata mbele ya mama mkwe?"

"Hasa mbele yake."