Shamba Namba Thelathini na Moja

Kompyuta ilikataa kupokea mstari usio na jina. Balaa lilianzia hapo.

Mtunza nyaraka wa kile chuo cha zamani cha kilimo alikuwa akinakili daftari la mashamba ya wanafunzi: namba ya shamba, jina, uzito wa mazao. Namba thelathini na moja haikuwa na jina, karatasi ilikuwa imekwanguliwa. Mtu wa kazi ile hajazi pengo la daftari, naye alilijua hilo kuliko yeyote, lakini ilikuwa saa kumi na njaa inamuuma. Akaandika jina la bintiye. Nitalifuta kesho, akajiambia.

Kesho yake jina lilikuwa ndani ya daftari lenyewe, kwa wino uliopauka, na mbele yake pameandikwa kilo moja.

Binti alikuwa na miaka saba, mcheshi, sahani haimtoshi. Wiki ile akaanza kunuka udongo uliolowa, hata akitoka kuoga. Chini ya kitanda chake jembe lilisikika likichimba, mchana kweupe. Hospitali hawakuona ugonjwa. Waliona tu kwamba anapungua, na kila kilichopungua mwilini mwake mama alikikuta ofisini kimeongezeka kwenye safu ya mazao, kilo mbili, kilo nne, kilo sita na nusu, na kila alipolifuta jina kwenye kompyuta lilirudi kabla hajainua kidole, na daftari alipolichoma moto akalikuta asubuhi rafuni, zima, lina ubaridi wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

Akamkimbilia mwalimu mstaafu aliyesoma pale. Mzee akamweleza kwamba shamba lile lilikuwa makao ya jini. Mwanafunzi wa mwisho kuandikwa pale alikonda hadi akafa, na mkuu wa chuo akalikwangua jina lake kwa wembe ili pasiwe na maswali.

"Linafutikaje, mzee?" alinong'ona.

"Halifutiki, mwanangu. Unaandika jingine juu yake."

"Umejuaje?"

"Kabla yake shamba lile lilikuwa langu. Nilikuwa na mdogo wangu," mzee alisema, akafunga mlango.

Mtunza nyaraka alikaa ofisini na kalamu mkononi hadi adhuhuri. Tumpe haki yake: jina lake mwenyewe alilifikiria. Alilifikiria kidogo.

Ijumaa binti aliomba chakula mara tatu, na mama akalia kwa furaha.

Jumatatu mfagiaji wa ofisi alisimama mlangoni, ufagio mkononi. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka tisa, na ndiye aliyemshika mkono mtunza nyaraka siku ya kumzaa binti yake.

"Dada, mwanangu ananuka udongo," alisema kwa sauti ya chini. "Sijui nimwambie nani mwingine."

"Mpeleke hospitali, mdogo wangu. Kazi nitakushikia."

Mfagiaji alimshukuru sana. Alipoondoka, mtunza nyaraka akafungua daftari kuhakikisha. Mbele ya jina jipya: kilo moja.