Kikombe Alichosukuma Frédéric

Kule saloni walikokaa wageni kulinyamaza ghafla, nami huko jikoni nikajua mambo yangu yameharibika.

Kwetu, watu wa milimani, mgeni anapokewa kwa maziwa. Akiyakataa bila kueleza, wazee wanaelewa kitu kimoja tu: anaogopa sumu. Na siku hiyo wageni walikuwa wavuvi kutoka Kavimvira, wamekuja kuniposa. Miaka mitatu nilimbembeleza baba akubali mtoto wa ziwani.

Nikamwandikia kwa simu Ildephonse, mchumba wangu, aliyekaa kando ya baba yake mdogo Frédéric, msemaji wao.

"Hali ya hewa iko je?"

"Imechafuka. Baba mudogo amesukuma kikombe. Baba yako anaangalia tu mulango."

Nikachungulia. Shangazi zangu waliokuwa wanacheka sasa hivi, kila mmoja anajitengeneza kitenge. Hakuna aliyetukana mtu, lakini mle ndani hata kukohoa ungeogopa. Baba akasema polepole kwamba wageni wamechoka, afadhali warudi kwao mapema. Namjua baba. Wakitoka, hawarudi tena.

"Juu ya nini amekataa?" nikaandika.

"Maziwa inamuharishaga. Anaona haya kusema mbele ya wakwe."

Jamani! Mapenzi yangu yafe juu ya tumbo la muntu?

"Sema weye."

"Nitamuaibisha. Yeye ndiye alinilea."

"Basi minye, Gisubizo, unisahau."

Nikasikia viti vinasogezwa, wanainuka. Nikashika kitasa cha mlango, machozi yananitoka, lakini binti anayeposwa hatoki mpaka baba amwite. Ndipo nikasikia sauti ya Ildephonse akimwambia baba yangu.

— Baba, tusiondoke hivi. Baba mudogo haogopi muntu hapa. Tumbo lake ndilo linakataa maziwa, tangu zamani. Kile kikombe nipe minye.

Akakinywa chote, wamesimama wanamtazama. Frédéric aliinamisha kichwa.

— Ni kweli, akasema kwa sauti ndogo. Niliogopa kuharibu kiti chenu.

Shangazi Béatrice ndiye aliyeshindwa kwanza kujizuia. Akacheka mpaka akajishika mbavu, na wengine wakamfuata. Baba hakucheka. Alikiangalia kile kikombe kitupu mkononi mwa Ildephonse, kisha akageukia jikoni.

— Gisubizo, akaita. Toka umuletee baba mukwe wako chai ya rangi.